Mlango wa Fundi Saa

KITUO KIKUU CHA POLISI
DAWATI LA MALALAMIKO DHIDI YA ASKARI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, anajulikana na wengi kwa jina la Bi Mlango
Umri: Miaka 63
Kazi: Dobi mstaafu wa hospitali; kwa sasa mwigizaji wa mazoezi, Chuo cha Polisi
Makazi: Jengo la tatu, ghorofa ya pili, mlango namba 8, nyuma ya maghala ya mbao
Tarehe: Jumatatu, 5 Juni, saa nne asubuhi
Mwandishi: Sajini wa dawati

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, sikuvutwa wala kusukumwa. Sajini amenionya kwamba nikisema uongo kwa kujua naweza kushtakiwa. Nimemwambia onyo hilo nalifahamu, nimelisikia likifundishwa miaka minne, naweza kulikariri vizuri kuliko yeye. Amecheka, kisha ameniomba niende pole pole kwa sababu anaandika kwa mkono. Basi Sajini, andika kama ninavyosema, usinipambe.

Nilifua mashuka ya hospitali mpaka nilipostaafu. Mume wangu alifariki mwaka uliofuata, kana kwamba alikuwa ananisubiri nikae nyumbani ndipo aondoke. Mwanangu ni mmoja, yuko nchi ya mbali. Hupiga simu Jumapili, na ziko Jumapili zinazompita. Simlaumu, ana watoto wake na baridi yake huko. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na redio nayo ukiiuliza swali haikujibu. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilikwenda chuoni, maana watu wanadhani nilifuata posho.

Dobi mwenzangu wa zamani ndiye aliyeniambia kwamba Chuo cha Polisi kinatafuta raia watu wazima wa kuigiza kwenye mazoezi. Kozi yenyewe inaitwa Kozi ya Kuepusha Kesi za Madai. Anaifundisha Mkufunzi mmoja, Inspekta, mtu aliyesomea sheria na anayezungumza kwa upole hata akiwa amekasirika. Siku ya kwanza alitueleza kwamba wananchi siku hizi wanajua njia ya mahakamani. Mtu akipigwa bila sababu, anadai. Akiwekwa mahabusu bila kuelezwa kosa lake, anadai. Akivunjiwa mlango kimakosa, anadai, na mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, na askari mwenyewe akaitwa ajibu. Alikuwa anapenda kuwaambia askari, "Kila mlango mnaouvunja bila haki, mnauleta ofisini kwangu niubebe mgongoni." Askari wanacheka, yeye hacheki.

Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya nyumba ya mazoezi. Ni kibanda cha mbao nyuma ya uwanja wa gwaride, chumba kimoja, kitanda hakina godoro, dirisha halina kioo. Lakini mlango wake ni mlango wa kweli, una kitasa na komeo. Askari wanakuja wawili wawili. Wanatakiwa kuangalia namba ya nyumba, kugonga mara tatu, kusema, "Sisi ni polisi, tuna hati ya upekuzi, tunaomba ufungue," halafu kusubiri. Nikifungua ndiyo naanza vituko vyangu. Mara nalia, mara nawatukana, mara nazimia. Kuzimia nilikuwa bingwa. Askari mmoja aliwahi kukimbilia maji ya kweli akanimwagia mwili mzima, nikazinduka nikamkimbiza na kandambili.

Nataka hapo kwenye kusubiri paandikwe vizuri. Kozi za mwanzo Mkufunzi aliniagiza nichelewe. Aliwaambia askari, "Aliyemo ndani anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa mzee, anaweza kuwa bafuni. Mpeni muda wa kutosha kufika mlangoni." Basi nilikuwa naburuta kiti, natafuta ufunguo, nakohoa. Askari wanasimama nje wanachoka, na asiyevumilia anarudishwa mwanzo. Baadaye kozi ikapata sifa, wakaanza kuletwa askari hamsini kwa asubuhi moja, na mlango ni mmoja. Mkufunzi akaja dirishani akaniambia, "Bi Mlango, tufupishe. Wakigonga tu, wewe fungua. Habari ya kusubiri nitawaeleza darasani." Tangu hapo ikawa gonga, fungua. Gonga, fungua. Ilikwenda hivyo zaidi ya miaka miwili. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo.

Sikulalamika hata siku moja. Nilipenda. Kwangu mlango unaweza kumaliza wiki nzima haujagongwa, labda na msoma mita, na yeye siku hizi anasomea chini. Pale chuoni uligongwa kutwa nzima, na kila anayegonga ananiamkia. Wakati wa mapumziko tunakula mkate pamoja, wananiuliza habari za magoti yangu, wananiita mama. Kila kozi nilikuwa nawaambia, mkipita mtaani kwetu, nyuma ya maghala ya mbao, msinipite, gongeni. Wote wanasema, tutakuja Bi Mlango. Hakuna aliyekuja. Uaskari hauna Jumamosi, najua.

Katika askari hao yuko konstebo mmoja tuliyempa jina la Mlingoti kwa urefu wake. Kwenye kibanda aliingia ameinama na bado akajigonga. Alisoma kozi mwaka jana. Ni mcheshi, mwepesi wa kusaidia, kila jioni alinibebea mkoba mpaka kituo cha basi. Alikuwa akiniambia, "Siku moja nitakuja kukugongea kweli, usije ukazimia." Nami namjibu, njoo, ila usije mikono mitupu, sukari imekwisha. Nilimpenda kama mwanangu. Sijamchukia hata sasa.

Sasa naja kwa jirani yangu. Anakaa mlango namba 7, tunatazamana, katikati yetu ni korido nyembamba. Ni fundi wa saa, mzee wa miaka sabini na kitu, hana mke, hana mtoto, ana mpwa wake wa kike anayeishi mji mwingine. Nyonga zake ni mbovu, anatembelea kile chuma cha miguu minne. Kazi anafanyia nyumbani, mezani karibu na dirisha. Alasiri kwa kawaida tunaacha milango wazi upepo upite. Mimi nakunja nguo zangu huku, yeye anafungua saa zake kule, tunazungumza kila mtu yuko kwake. Naweza kusema katika miaka sita sikuingia kwake zaidi ya mara mbili tatu, wala yeye kwangu. Asubuhi ananiuliza, "Jirani, umeamka au umeamshwa?" Namjibu, nani wa kuniamsha? Ndiyo salamu yetu. Mtu mwingine ataona si kitu.

Mnamo Alhamisi tarehe 11 Mei, saa tisa alasiri, nilikuwa nyumbani kwangu chumbani. Siku hiyo milango yote miwili ilikuwa imefungwa kwa sababu mafundi walikuwa wanachimba barabara huko chini na vumbi lilipanda mpaka juu. Mashine zao zilikuwa zimenyamaza muda huo. Nilikuwa nakunja shuka.

Nilisikia viatu vizito vinapanda. Kisha mlango ukagongwa mara tatu. Nikasikia sauti ikisema, "Sisi ni polisi, tuna hati ya upekuzi, tunaomba ufungue." Sauti niliijua papo hapo. Ilikuwa ya Mlingoti.

Sajini, moyo wangu uliruka kwa furaha. Korido yetu ni nyembamba, ukiwa chumbani huwezi kujua umegongwa mlango upi. Nilijua wamekuja kwangu. Nilijua Mlingoti ametimiza ahadi, amekuja na mwenzake, na wanafanya utani wa chuoni. Nililitupa shuka kitandani nikaanza kutafuta kitambaa cha kichwa, maana siwezi kupokea wageni kichwa wazi. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nikawaza kwamba sukari ipo lakini mkate ni wa jana.

Kitambaa kikiwa bado mkononi nikasikia sauti ya Fundi Saa kutoka kwake. Alisema, "Nakuja jamani. Nakuja." Aliisema kwa nguvu, kama anavyoniita mimi akitaka kunisimulia jambo. Nikasikia na chuma chake kikigonga sakafu. Hapo ndipo nilipojua mlango uliogongwa si wangu. Niliumia. Nikasema kimoyomoyo, kumbe ni wageni wa Fundi. Niliona wivu, Sajini, andika hivyo hivyo, wivu. Nilisimama pale na kitambaa changu nikiwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa.

Kisha nikasikia sauti nyingine, nzito, ambayo sikuijua, ikasema, "Hamna kitu, piga." Ukafuata kishindo kimoja, cha pili, kisha mlango ukaanguka. Tangu kugonga mpaka kishindo sikuwahi kujifunga hicho kitambaa.

Nilifungua kwangu nikatoka. Mlango namba 7 ulikuwa umelala ndani pamoja na fremu yake. Mlingoti alikuwa mlangoni ameshika nyundo kubwa. Nyuma yake alisimama Koplo, mtu mnene, mwenye karatasi mkononi. Jirani yangu alikuwa sakafuni, mlango umemlalia kuanzia kiunoni kwenda chini, na mkono wake wa kulia umekunjika chini ya kifua. Chuma chake cha kutembelea kilikuwa kimepinda. Aliponiona akasema, "Nilikuwa nakuja, jirani." Aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemlaumu kwa kuchelewa.

Mlingoti aligeuka akaniona. Akasema, "Bi Mlango! Unafanya nini hapa?" Nikamwambia, naishi hapa. Alitazama mlango wangu, akatazama wa jirani, uso ukamshuka. Koplo akasema kwa sauti ya juu, kama anayemwambia mtu aliye mbali, "Hakuna aliyeitika." Nikamwambia ameitika, nimemsikia mimi. Akaniambia, "Mama, ingia ndani." Nikamuuliza anamtafuta nani kwa fundi wa saa. Akanionyesha hati. Ilikuwa imeandikwa jengo la nne, mlango namba 7, ilihusu nyaya za umeme zilizoibwa. Nikamwambia hili ni jengo la tatu. Alikwenda kutazama ukutani. Namba ya jengo letu imefutika siku nyingi, kila mgeni tunamwelekeza kwa mdomo, na wao hawakumuuliza mtu.

Naomba hili nalo liandikwe, kwa sababu ni haki yake. Koplo alimwambia Mlingoti watoke wakasubiri garini. Mlingoti hakutoka. Aliweka nyundo chini, akauinua ule mlango peke yake, akapiga magoti, akamshika mzee kichwa asijisogeze. Yeye ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa, akataja jengo la tatu, akarudia mara mbili. Alibaki hapo na sisi hadi gari lilipofika.

Fundi Saa amelazwa wodi ya mifupa. Nyonga imevunjika, imeshafanyiwa operesheni. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika vibaya, na mkono huo ndio unaoshika koleo dogo la saa. Daktari amesema mkono unahitaji operesheni nyingine kwa mtaalamu, bila hivyo vidole havitashika kitu chembamba tena. Namtembelea kila siku saa za kuona wagonjwa. Ananiambia, "Jirani, nimegongana na mlango wangu mwenyewe, na mlango ndio uliokuwa na haraka." Halafu anatazama vidole vyake vilivyovimba. Nami nasoma majina ya dawa kwenye meza ili nisimwangalie.

Mpwa wake amefungua madai. Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyo. Polisi wamekubali kwamba jengo halikuwa lenyewe. Ubishi uliobaki ni wa mlango. Koplo na Mlingoti wote wawili wameandika kwamba waligonga, wakajitambulisha, wakasubiri muda wa kutosha, na hakuna aliyeitika. Fundi anasema aliitika. Wakili wa upande wa polisi anasema kama mzee alikaa kimya wakati anasikia, basi sehemu ya kosa ni yake, fidia ipunguzwe. Ikipunguzwa, operesheni ya mkono haipo. Ni mmoja kwa wawili, na waliokuwa kwenye korido ile ni wao na mimi.

Mnamo Jumamosi tarehe 27 Mei, saa kumi jioni, mlango wangu uligongwa. Nilipofungua nilimkuta Mkufunzi, amevaa kiraia, ana mfuko wa machungwa. Alikuwa mgeni wa kwanza kuingia kwangu tangu arobaini ya mume wangu. Nilimkaribisha kwenye kiti cha marehemu, kwa kuwa ndicho chenye mto. Nilimpikia chai, nikamtolea biskuti, nikatandika kitambaa cha meza ambacho nilikuwa nimesahau kina doa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipona kweli kwa muda. Tulizungumza habari za magoti, za vumbi la barabara, za mwanangu. Nilikuwa nafurahi kiasi kwamba kama angeniomba jambo dakika ile ya kwanza ningemkubalia kabla sijalijua.

Aliliomba kwenye kikombe cha pili. Alisema, "Bi Mlango, sikuombi useme uongo. Mtu akiwa chumbani, mlango umefungwa, si lazima asikie kila kitu. Ukisema hukusikia vizuri, hakuna atakayekulaumu." Akasema Mlingoti atafukuzwa kazi. Akasema wakili wa mzee ameshaanza kuuliza mazoezi yalifanywaje chuoni, na ikijulikana kwamba mlango ulikuwa unafunguliwa papo hapo, kozi itafungwa. Akasema, "Kozi mpya inaanza katikati ya mwezi ujao. Askari wameshaniuliza kama Bi Mlango yupo." Hapo niliona kwamba naye anaogopa. Si mtu mbaya. Alikuwa amepunguza uzito, na machungwa alikuwa amenunua mengi mno kwa mtu mmoja.

Nilimwambia, Afande, chai inapoa. Aliinywa akaaga. Nilimsindikiza mpaka chini, ingawa magoti hayataki ngazi, kwa sababu sikutaka aondoke. Nilirudi juu nikaosha vikombe viwili. Kwangu huwa naosha kimoja. Nililia pale kwenye sinki, na sioni aibu kulisema.

Tangu siku hiyo nimejaribu kujiaminisha kwamba sikusikia. Nimejaribu kweli. Nimekaa chumbani, nimefunga mlango, nimesema pengine ilikuwa redio, pengine ni mtu wa ghorofa ya juu. Nilikuwa nikijiambia, mzee mwenyewe keshazeeka, saa zenyewe siku hizi watu wanatazama kwenye simu. Naam, nilifika huko. Halafu nikienda hospitali ananiuliza, "Jirani, umeamka au umeamshwa?" na mimi sina uso wa kumjibu.

Leo asubuhi nilipofika hapa kituoni nilimkuta Mlingoti kwenye benchi la nje ya chumba hiki, hajavaa sare. Alisimama haraka akasema, "Shikamoo mama." Hakusema Bi Mlango. Nikamwitikia marahaba. Akaniachia benchi lote akaenda kusimama ukutani, mikono nyuma kama yuko gwarideni. Nilitaka kumuuliza kama amekula. Sikumuuliza, kwa sababu sikujua kama inaruhusiwa.

Sajini ameniuliza kama nina hakika nilisikia sauti ya Fundi Saa na si ya mtu mwingine. Nimejibu nina hakika. Mlango wake na wangu yote ilikuwa imefungwa na nilimsikia nikiwa chumbani. Aliyekuwa amesimama mlangoni kwake hawezi kusema hakumsikia, labda kama masikio alikuwa ameyaacha garini.

Sajini ameniuliza alisema maneno gani hasa. Alisema, "Nakuja jamani. Nakuja." Nami nilisikia, kabla ya ile sauti iliyosema "piga."

Ameniuliza kama nina ugomvi na askari hao au na chuo. Nimejibu sina. Wale ndio watu wangu. Sina wengine wa kula nao mkate. Nina upweke tu, na huo hapa kituoni hauna dawati.

Ameniuliza basi kwa maoni yangu ni kwa nini hawakungoja. Mimi si mwanasheria, nitasema ninachokijua. Koplo simjui, sijui yeye alifundishwa wapi. Mlingoti namjua. Aligonga kama alivyofundishwa, akajitambulisha neno kwa neno kama alivyofundishwa, na hata kumsaidia mzee alimsaidia kama alivyofundishwa. Kilichobaki hakufundishwa. Aliambiwa darasani, ndiyo, lakini mikono na miguu yake ilijifunza kwangu. Kwa mlango wangu ukishagonga umefunguliwa. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mlingoti kwenye mazoezi hakuwahi kusikia mtu anasema "nakuja" akiwa ndani. Pale kibandani hakukuwa na mtu wa kuja. Nilikuwa nimeshafika, nimeshika komeo, nawasubiri.

Kwa hiyo wanaotaka kumfukuza yeye peke yake wapime. Na wanaotaka kumnyima mzee mkono wake ili yeye asifukuzwe, nao wapime. Mimi siwezi kumlipia mmoja kwa mkono wa mwingine. Nimeambiwa na dobi mwenzangu kwamba kwa kuja hapa leo nimejifungia mlango wa chuo mwenyewe. Najua. Wiki ijayo kozi ikianza sitaitwa. Nitakaa nyumbani na jirani hayupo, na mashine za barabara zimeshaondoka, kutakuwa kimya. Naogopa kimya hicho kuliko ninavyoogopa mahakama. Lakini nilimsikia, Sajini. Mtu alisema anakuja, na nikisema sikusikia, basi aliyasema maneno yale peke yake.

Sajini ameniuliza kwa ajili ya kumbukumbu mtu wangu wa karibu ni nani, endapo nitahitajika na nisipatikane kwenye simu. Nimefikiri sana. Mwanangu yuko mbali, simu yake huita isipokelewe. Nimemwambia aandike Fundi Saa, wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani.

Niliyoyaona ni hayo, niliyoyasikia ni hayo. Nimesomewa yote, nimeomba neno "wivu" lisifutwe, halikufutwa. Mbele ya mahakama nitayasema hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA MWANDISHI

Nathibitisha kwamba maelezo haya niliyaandika mwenyewe kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa sita kasoro. Hakushurutishwa wala kuahidiwa kitu. Shahidi aliomba kuondoka mara moja ili awahi muda wa kuona wagonjwa.

Naongeza yafuatayo kwa kuwa yanahusu jalada hili. Nilipofungua mlango kumtoa shahidi, konstebo aliyetajwa kwa jina la Mlingoti alikuwa bado amesimama ukutani. Alimuuliza shahidi, "Umesema, mama?" Shahidi alimjibu, "Nimesema," akamwambia aende akale, akashuka. Konstebo aliniomba aingie, akaomba aandike maelezo mapya badala ya yale aliyokwisha kutoa. Nilimkumbusha kwamba anaweza kuwa na wakili. Alisema anajua, alifundishwa. Nilimpa karatasi na kalamu.

Shahidi alikuwa ameshaondoka na hana habari ya jambo hili. Maelezo mapya ya konstebo yameambatanishwa. Yanaanza na maneno haya: "Nilimsikia mzee akisema anakuja."

Sajini wa dawati (ametia sahihi)